Hata Kikombe Kimoja

Mzee wa Kizungu alifika bila taarifa, Jumanne asubuhi, akasimama kwenye mlango wa karakana yetu akiwa ameshika kofia mkononi. Élodie, msichana wa Kikongo aliyefanya kazi nasi, ndiye aliyemwona kwanza. Akafanya ambacho yeyote kati yetu angekifanya: akavuta kiti kizuri, kile chenye egemeo, akafungua kitenge alichojifunga kiunoni na kukipigapiga kiti ili mgeni asichafue suruali yake. Vumbi jeupe likapanda, likang'aa kwenye mwanga wa dirisha.

"Acha!" mzee akapaza sauti. "Acha hapo hapo!"

Élodie akaganda, kitenge kikining'inia mkononi. Maman Celestine, aliyekuwa mezani akisugua kikombe kwa msasa, akainua uso.

"Anakatala kiti yetu?" akaniuliza. "Tumemukosea nini huyu muzungu?"

Mzee alikuwa amejifunika pua na mdomo kwa kofia, na macho yake yalizunguka chumbani polepole: rafu za vikombe vikavu, msasa, unga mweupe juu ya meza, unga mweupe kwenye nyusi za Celestine. Mwisho yakafika dirishani, kwenye utepe wa gundi uliobandikwa kuzunguka fremu yote. Hapo akabadilika rangi.

"Nani amelifunga dirisha hili?"

"Mimi," nilisema, tena kwa fahari kidogo. "Upepo unapasua vipini vya vikombe."

"Najua kwamba unapasua vipini," akasema. "Tokeni nje. Nyote watatu. Nawaomba."

Tukatoka. Sijui kwa nini tulimtii mtu tusiyemjua. Nadhani ni kwa sababu aliomba.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba cha zamani cha kufulia nguo, ghorofa ya chini, katika mojawapo ya majengo ya Vickery Meadow, mtaa wa wakimbizi hapa Dallas. Nilikuwa nimehitimu chuo kikuu mwezi Mei mwaka huo, 2008, na insha yangu ya mwisho ilihusu wafinyanzi wa Kiingereza: jinsi vijiji vya watu waliochimba udongo mbele ya milango yao vilivyogeuka miji ya viwanda; jinsi walivyochoma jiwe gumegume, wakalisaga, wakachanganya unga wake na udongo hadi wakapata chombo cheupe cha kushindana na kile cha Uchina; jinsi walivyogawana kazi, huyu anamimina, yule anasugua, mwingine anabandika kipini, hadi kibarua wa kawaida akaweza kunywa chai kwenye kikombe kizuri kama cha bwana wake. Niliipenda hadithi hiyo kwa moyo wote. Kwa hiyo nilipokutana na Maman Celestine kanisani, nikasikia kwamba kwao Kalehe, mashariki mwa Kongo, alifinyanga vyungu tangu utotoni, na kwamba hapa Marekani alikuwa akipakia maboksi kwenye ghala lenye baridi kali, niliona kazi ya maisha yangu imekuja yenyewe.

Mama yangu, ambaye ni muuguzi na anaishi Stafford, karibu na Houston, hakuona hivyo. "Kathure, benki wamekuita kazini," aliniambia. "Udongo utaucheza wikendi." Nikamwomba anivumilie hadi mwisho wa mwaka.

Na mambo yalikuwa yameanza kunyooka. Auntie Wanjiku, Mkenya mwenzetu, alikuwa karibu kufungua mkahawa wa chai kule Sugar Land, karibu na kwa mama, na alitaka vikombe mia mbili vyenye muhuri wetu. Siku ya kufungua ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Akivipenda, angechukua vingine kila mwezi, na Celestine angeliaga ghala. Alikuwa ameshamwambia hivyo mumewe. Vikombe sitini vilikuwa tayari vimechomwa. Mia na arobaini vilikuwa kwenye rafu, vikavu, vikingoja kusuguliwa tu kabla ya kuingia tanurini.

Tukakaa kwenye ngazi za saruji. Mzee alibaki amesimama kwanza, akihema kama mtu aliyepanda mlima, kisha akajishusha taratibu ngazi ya chini yetu. Akasema jina lake ni Arnold Clowes, ametoka Stoke, mji wa wafinyanzi kule Uingereza, na sasa anaishi kwa binti yake Richardson.

"Nilikuwepo maktaba siku ile ulipozungumza kuhusu sisi wafinyanzi, ukataja na karakana hii," aliniambia. "Nilikaa safu ya nyuma. Ulizungumza vizuri sana, bata. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula."

Élodie, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akanigeukia. "Yaya Kathure, amekuita bata?"

"Kwetu kila mtu ni bata," mzee akasema. "Mke wangu. Kondakta wa basi. Kasisi pia."

Élodie, aliyekuwa akimfasiria Celestine, akacheka kwa mara ya kwanza tangu kitenge kimletee aibu. "Maman, na weye uko bata."

"Nikuwe bata, nisikuwe bata," Celestine akajibu, "atuambie ju ya nini anatufukuza mu kazi yetu."

Mzee Clowes akasubiri afasiriwe. Kisha akaelekeza kofia yake kwenye mikono ya Celestine, iliyokuwa myeupe hadi kwenye viwiko.

"Mke wangu Edna alikuwa na mikono hiyo," akasema. "Aliingia kiwandani akiwa na miaka kumi na tano. Kazi yake ilikuwa kusugua. Vikombe vikitoka kukauka, yeye na wenzake walivisugua kwa nyuzi za kitani hadi vikawa laini. Wanawake ishirini na wawili kwenye chumba kimoja, na wanaimba kutwa. Mngewasikia! Mimi nilikuwa msimamizi wao. Juu ya meza zao palikuwa na feni ya kunyonya vumbi, sheria ilidai iwepo. Lakini feni inaleta upepo, na upepo unapasua vipini. Oda kubwa ikija, niliizima. Nilifunga na madirisha. Kwa mkono wangu mwenyewe, kama wewe."

Élodie alifasiri hadi "niliizima", akanyamaza.

"Sema yote," Celestine akamwambia. "Ninaona uso yake. Sema."

Élodie akasema yote.

"Ule si udongo tu," mzee akaendelea. "Ndani yake kuna jiwe lililosagwa. Jiwe gumegume, lile ulilolisifu maktaba. Likiingia kifuani halitoki. Kinaanza kikohozi, halafu mapafu yanakuwa magumu kidogo kidogo, kila mwaka kidogo. Edna alipofika miaka arobaini na moja alikuwa hawezi kupanda ngazi za nyumbani kwetu. Ngazi kumi na mbili. Nilimhamishia kitanda sebuleni. Alikufa akiwa na miaka arobaini na sita. Kati ya wale ishirini na wawili, nimezika tisa niliowahesabu, na baadaye nikaacha kuhesabu."

"Walifunika pua?" niliuliza. Nilijisikia kama ninaning'inia kwenye swali hilo.

"Kwa leso. Wote."

Kuna kitabu nilichokitegemea kuliko vingine vyote nilipoandika insha yangu. Kilikuwa na sura nzima kuhusu maradhi ya wafinyanzi. Niliiona kwenye yaliyomo. Niliiruka. Sikuiruka kwa ubaya. Insha yangu ilihusu ukuaji, na sura ile niliiona kama habari nyingine, ya watu wengine. Nikiwa pale kwenye ngazi nikaikumbuka hata namba ya ukurasa wake.

Kwa sababu nani alileta msasa? Celestine hakuja nao. Alipoanza kufanya kazi na mimi alikuja na kijiwe cheusi, laini kama yai, alichokitoa mtoni Kalehe, akakibeba hadi kambi ya wakimbizi na kutoka huko hadi Dallas ndani ya sidiria yake, kwa maneno yake mwenyewe. Kwa kijiwe hicho alilainisha chungu kikiwa bado na unyevu, akikizungusha gotini, bila haraka. Mimi ndiye niliyemwambia kwamba hiyo ni kazi ya chungu kimoja kwa siku. Nilinunua kalibu sita za plasta, nikamfundisha kumimina uji wa udongo ndani yake, kuacha kikombe kikauke kabisa, halafu kukwangua ule mshono wa kalibu kwa msasa. Nilimwambia hivyo ndivyo Waingereza walivyofanikiwa. Alikirudisha kijiwe chake kifuani, akashika msasa, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

"Mwalimu," Celestine akaniita. Hakuwahi kuniita jina langu. "Huyu mzee anasema kikohozi?"

"Anasema kikohozi, Maman."

"Mimi nakohoa tangu mwezi wa saba. Siku ya Mungu sikohoi. Nilifikiri ni maombi."

Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe alijaribu, midomo ikakataa.

Nilimweleza Mzee Clowes kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba Celestine amesugua tangu mwezi wa saba, nikamuuliza kama tumeshamuua. Aligeuka haraka. "Hapana, hapana. Miezi mitatu haimuui mtu. Apigwe picha ya kifua ili moyo wako utulie. Miaka ndiyo inayoua, bata. Na kila mwaka unaanza kwa oda moja."

Kisha akaniomba jambo. Alisema ni dogo, na kwamba hana haki ya kuliomba, kwa kuwa yeye mwenyewe hakulifanya.

"Kikombe kikavu kisisuguliwe hapa. Ndani wala nje. Kwa leso wala bila leso. Sisi kila mara tulisema ni mara hii moja tu, kwa sababu ya oda. Sugueni kikiwa kibichi, kwa sifongo, kwa maji. Ni hivyo tu."

"Naahidi," nikasema.

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

"Sitakuja kukukagua," akasema. "Nilishakagua watu vya kutosha." Akavaa kofia, akaondoka kuelekea kituo cha treni, akisimama mara kwa mara kupumua. Hatukuwa tumempa hata maji.

Ahadi ni rahisi mtu akiwa ameketi kwenye ngazi. Tuliporudi mlangoni, tukafungua na kuuchana ule utepe dirishani, vikombe mia na arobaini vilikuwa vikitutazama.

Tulijaribu kwanza njia ya halali. Tulipangusa vumbi kwa matambara yaliyolowa, tukachukua vikombe kumi, tukasugua mshono wa kila kimoja kwa sifongo lenye maji. Udongo uliokauka kabisa unakunywa maji kama mtu mwenye kiu mbaya: sehemu iliyolowa inavimba, sehemu kavu inakataa, na kati yao pananyatia ufa. Saba vilipasuka vipini mbele ya macho yetu. Vitatu vilivyobaki vilipasuka usiku, tulivikuta asubuhi.

Kumimina vipya? Kalibu zilikuwa sita, na kila moja ilitoa vikombe viwili kwa siku. Hata tungehamia mle chumbani na magodoro yetu, Jumamosi ya Wanjiku isingetungoja.

Nikampigia Jumatano mchana.

"Haki Kathure usinifanyie hivyo," Auntie Wanjiku alisema baada ya kunisikiliza hadi mwisho. "Nimesha-print menu. Nimeweka picha ya kikombe kwa menu! Sasa wewe unaniambia vumbi?"

"Ni vumbi la kuua mtu, Auntie."

"Si muvae mask? Mimi nilifanya kazi theatre ya hospitali miaka kumi na mbili, tunavaa mask, tunaishi." Akapumua kwenye simu. Si mwanamke mbaya. Alikuwa ameweka akiba yake yote kwenye mkahawa ule. "Sikiza mum. Nipe mia mbili Jumamosi, ama nipeleke gari pale kwa duka la Wachina Bellaire, ninunue zote leo. Siwezi kufungua na vikombe sitini na wengine wanywe kwa karatasi. Na nikinunua huko, nimenunua. Hiyo ya kila mwezi haiko tena. Unaelewa?"

"Naelewa. Nikupigie jioni?"

"Nipigie saa kumi na moja. Sio saa kumi na mbili."

Niliwaeleza wenzangu. Celestine alikuwa amekaa kwenye kile kiti chenye egemeo, mikono mapajani. Alikuwa ametoka ghalani alfajiri, na bado hakuwa amelala.

Élodie ndiye aliyesema tulichokuwa tukikifikiria sote. "Yaya, mzee amesema yeye mwenyewe, miezi mitatu haiue mutu. Siku mbili itaue? Tutoke inje, tufunge kitambaa kwenye pua. Mimi niko kijana. Mimi nitasugua zote, Maman asiguse hata moja. Kisha hapo tunafuata ahadi yako mpaka Yesu arudi."

Nilitazama nje. Mbele ya chumba kile palikuwa na kiwanja kidogo cha nyasi kati ya majengo, na watoto wa Kinepali, wa Kisomali na wa kwetu walikuwa wakikimbizana huko, midomo wazi. Lakini si wao walionizuia. Tungeweza kungoja waingie ndani. Nilichosikia ni maneno ya Élodie yenyewe. Siku mbili. Kisha hapo. Nilisikia sauti ya kijana fulani kule Stoke, mwenye oda kubwa na mke anayempenda, akinyoosha mkono kwenye swichi ya feni.

"Hapana," nikasema.

"Mzee haatajua."

"Ndiyo. Hatajua."

Élodie akaniangalia kama mtu niliyemsaliti. "Weye uko na mama muuguzi Houston," akasema. "Uko na benki inakungoja. Maman iko na nini? Iko na ghala."

Maneno hayo yalinichoma kwa sababu yalikuwa ya kweli. Sikuthubutu kumtazama Celestine. Nilijua kwamba ahadi niliitoa mimi, lakini atakayeilipia ni yeye, saa kumi za baridi kila siku akiinua maboksi. Nikamgeukia hatimaye, nikamwambia hivyohivyo. Nikamwambia kwamba nilimkosea nilipomnyang'anya kijiwe chake, na kwamba sasa namkosea tena, na sijui njia ya tatu.

Celestine akaingiza mkono kifuani mwa blauzi, akakitoa kile kijiwe, akakizungusha kiganjani.

"Mwalimu," akasema, "kwetu kama mutu akisugua chungu kikavu, mama yake anamuchapa. Mimi nilijua. Toka siku ya kwanza nilijua haiko muzuri. Nilinyamaza ju nilisema, huyu mutoto amesoma." Akakohoa, akafuta mdomo. "Ghala nimeizoea. Lete ndoo."

Saa kumi na moja nilimpigia Auntie Wanjiku, nikamwambia anunue Bellaire. Akasema, "Haya basi," akakata.

Tulikuwa na pipa la plastiki la bluu, la kufulia nguo, lililobaki na chumba. Tulilijaza maji nusu. Udongo usiochomwa unaweza kurudi kuwa uji. Hiyo ndiyo rehema yake pekee. Nikachukua kikombe cha kwanza kutoka rafuni, chepesi kama ganda la yai, nikakitumbukiza. Kilitoa sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Mapovu yakapanda. Kisha ukingo ukalegea, ukateleza, na kikombe kikajikalia chini ya maji kikiwa rundo tu.

Tulipokezana. Celestine alitoa rafuni, mimi nilitumbukiza. Élodie alisimama mlangoni akiwa amekunja mikono hadi rafu ya kwanza ikaisha. Baada ya hapo akaja, akaanza kunipa viwili viwili. Mia na thelathini si vingi. Kazi ya wiki mbili iliisha kabla jua halijafika nyuma ya jengo la pili.

Kisha Élodie akainama, akatoa kimoja kilichokuwa nyuma kabisa ya rafu ya chini, kimefunikwa gazeti.

"Hiki ni cha mama yako," akasema.

Nilikuwa nimekisahau. Nilikimimina mwenyewe, nikakichora maua madogo ya kahawa kuzunguka ukingo, kama yale ya nyumbani kwao bibi kule Meru, na chini yake, pembeni mwa muhuri wetu, nikaandika jina la mama. Nilitaka kumpelekea Stafford siku ile ile ya kufungua mkahawa, akishike, aone kwamba ile miezi haikupotea bure. Kilikuwa kimekauka vizuri, hakina ufa popote. Kilibakiza mshono mmoja tu, mfupi kama kucha, chini ya kipini.

"Hiki tu, Yaya," Élodie alisema kwa upole, na hasira yote ilikuwa imemtoka. "Si ya oda. Ni ya mama. Msasa mara tatu, imekwisha. Mimi nitatoka, sitaona."

Nilikishika kwa mikono miwili. Nilipitisha kidole gumba kwenye ule mshono. Unga kidogo ukabaki kidoleni, mweupe, mwororo.

Celestine alikuwa amelowesha kitambaa, akipangusa kile kiti chenye egemeo, taratibu, kuanzia juu hadi miguuni.

Nikapiga magoti kando ya pipa. Nikakiweka majini, na sikukiachia hadi maua yalipoanza kuteleza chini ya vidole vyangu.